KUMPONYA MTU KWA MANENO: JE, KWA MANENO YA NANI?

Tumfikirie mama mmoja wa Munanila, kule juu katika nyanda za Kigoma, mahali ambapo milima ya Buha yatazamana na milima ya Burundi. Mumewe amekufa, shamba la migomba lagombewa na jamaa, na sasa yapata mwezi wa nne hapati usingizi. Asubuhi moja anakwenda zahanati. Kijana aliyesoma vizuri anamkalisha kitini, anatazama karatasi yake, na kumwuliza: “Je, katika majuma mawili yaliyopita umejiona kuwa mtu asiye na thamani?” Mama anamtazama kijana huyo, ambaye umri wake ni sawa na wa kitinda mimba wake. Hakumsalimu ipasavyo. Hakumwuliza habari za nyumbani wala za shamba. Naye mama anajibu: “Hapana, baba. Ni kichwa tu kinaniuma.” Anapewa vidonge vya kichwa, anashukuru, na kurudi kwake na mzigo wake wote kama alivyokuja nao.

Ndugu wasomaji, twauliza: nani amekosa hapa? Mama hakusema uongo, kwani kichwa chamwuma kweli. Kijana naye hakuwa mvivu, aliuliza kama alivyofundishwa. Hata hivyo mgonjwa alikuja kutafuta msaada, na msaada ulikuwapo, wakapitana mlangoni. Juma hili twapenda kulitafakari jambo hili, kwani lazihusu nyumba zetu nyingi kuliko tunavyodhani.

Iko namna ya kutibu ambayo haina sindano wala kisu. Hospitalini huitwa ushauri nasaha, au tiba ya mazungumzo. Mgonjwa wa moyo na mawazo hukaa na mtu aliyefundishwa, husema yaliyomsibu, nao wawili huyatazama pamoja mpaka fundo lianze kulegea. Wataalamu wengi huanza kuisimulia habari yake mjini Vienna, kati ya mwaka 1880 na 1882, ambako daktari Josef Breuer alimtibu binti mmoja kwa kumsikiliza. Yafaa tukumbuke kwamba jina la tiba hiyo, yaani kuponywa kwa kuzungumza, halikutungwa na daktari, bali na mgonjwa mwenyewe. Basi tangu siku ya kwanza mgonjwa ndiye aliyemfundisha mganga. Lakini baadaye tiba iliingia vitabuni, vitabu vikavuka bahari, na mambo mengi ya Ulaya yakasafiri ndani ya sanduku moja na tiba: chumba kilichofungwa mlango, watu wawili tu, saa ya ukutani, na mgonjwa anayesema “mimi, mimi, mimi” bila kuwataja mama yake, shangazi yake wala marehemu wake.

Je, mambo hayo ndiyo tiba yenyewe, au ni nguo tu iliyovishwa tiba huko ilikozaliwa? Hilo ndilo swali letu.

Hapa petu swali hili si la wasomi peke yao. Mkoa wa Kigoma umepokea watu wenye majonzi mara nyingi. Warundi waliingia kwa maelfu mwaka 1972, wakaingia tena mwaka 1993, na tena mwaka 2015. Wakongo walianza kupokewa katika kambi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, mwaka 1996, na kambi ya Nduta, huko Kibondo, ilijaa Warundi baada ya mwaka 2015. Wengi wao walikimbia bila kuwazika wafu wao. Mtu asiyemzika ndugu yake hubeba kaburi moyoni. Je, mtu wa namna hii utamponya kwa karatasi ya maswali?

Sasa tutazame yaliyofanyika Nyarugusu kwenyewe. Katikati ya miaka ya 2010 ilijaribiwa huko kazi iliyopewa jina la Nguvu, kwa ajili ya wanawake wa Kikongo waliokuwa wakipigwa na waume zao. Msingi wake ni tiba iliyotungwa Marekani, ya kumfundisha mtu kuyapima upya mawazo yanayomwumiza, kama lile wazo la kwamba yeye mwenyewe ndiye mwenye hatia ya kuumizwa kwake. Lakini wenye kazi hiyo hawakuanza kwa kufundisha. Walianza kwa kuuliza: ninyi taabu hii mwaiitaje? Wakajibiwa kwa maneno ya kila siku: huzuni, hofu, msongo wa mawazo. Basi maneno hayo yakawa ndiyo mlango. Wanawake walikutana kwa makundi, mara moja kila juma kwa majuma manane, wakiongozwa na wasaidizi waliofundishwa miongoni mwa wakimbizi. Tena hawakuambiwa tu habari za mawazo. Walisaidiwa pia kufikiri njia za kujilinda na mahali pa kukimbilia, kwa kuwa mtu ambaye bado anapigwa hawezi kuponywa kwa maneno matupu.

Jirani zetu wa Uganda nao wana fundisho. Kusini ya nchi ile, katika wilaya za Masaka na Rakai, watafiti waliwauliza wanavijiji juu ya huzuni iliyowashika baada ya ukimwi kuua watu wengi. Wanavijiji walitaja magonjwa mawili ya moyo kwa Kiganda, mojawapo likiwa na maana ya mtu kujichukia mwenyewe. Ndipo tiba ya Kimarekani ikageuzwa. Badala ya mtu mmoja chumbani, watu walikaa kwa kundi, wanaume mbali na wanawake mbali, ili kila mmoja aseme bila haya. Viongozi walikuwa watu wa huko huko, waliofundishwa kwa muda wa majuma mawili hivi.

Lakini ikatokea shida. Kitabu kiliagiza kwamba mfiwa aulizwe mabaya ya marehemu pamoja na mazuri yake. Nani kwetu atamsema vibaya marehemu mbele ya watu? Basi swali likageuzwa: je, ziko nyakati ambapo marehemu alikuvunja moyo? Hapo mtu aliweza kujibu bila kuvunja heshima. Tena kitabu kilitaka mke mwenye uchungu amweleze mumewe waziwazi. Wanawake wakasema kwamba huko si desturi. Mke hutumia njia nyingine, kama kukipika chakula vibaya makusudi ili mume ajue kuna neno, au kuwaomba wazee wa ukoo waingie kati. Basi wakasaidiwa kutafuta njia zinazopitika katika nyumba zao wenyewe.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2003. Kabla ya tiba, watu wengi sana katika makundi hayo walikuwa na alama za ugonjwa wa huzuni. Baada ya majuma 16, waliobaki nao hawakufika saba kwa kila mia. Katika vijiji ambavyo havikupata tiba, zaidi ya nusu walikuwa bado wagonjwa. Twaona basi kwamba tiba iliyobadilishwa nguo haikupoteza nguvu zake.

Huko Zimbabwe pia, mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda alianza kazi katika mtaa wa Mbare mjini Harare. Hakuwa na madaktari wa kutosha wala vyumba. Alikuwa na akina bibi kumi na wanne na mabenchi ya mbao chini ya miti. Kwanza benchi liliitwa benchi la afya ya akili, na watu hawakutaka kulikalia, kwani nani apendaye kuonekana mwenda wazimu? Akina bibi wakamshauri daktari aliite benchi la urafiki. Watu wakaja. Ugonjwa wenyewe waliuita kwa Kishona kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Mwaka 2016 ilitangazwa habari ya majaribio ya wagonjwa 573, na waliokaa na akina bibi walionekana kupata nafuu kuliko waliopewa matunzo ya kawaida. Daktari huyo alikuwa na elimu, lakini alikubali kufundishwa jina na bibi kizee. Huo ni unyenyekevu wenye faida.

Labda msomaji mmoja atasema: “Haya yote ni maneno mengi. Dawa ni dawa. Kwinini hutibu malaria Ulaya na Kasulu sawasawa. Mbona tiba ya mazungumzo ibadilishwe?” Ndugu huyu ana haki ya kuuliza. Binadamu ni mmoja. Uchungu wa mjane wa Vienna na uchungu wa mjane wa Munanila ni uchungu wa watu wenye moyo wa namna moja, na anayekana hilo ametukosea sote. Lakini kwinini haihitaji kueleweka ili ifanye kazi. Hata mtoto asiyejua kusema huponywa nayo. Dawa ya mazungumzo huingia kwa njia ya maneno, na neno lisiloeleweka, au linalotia aibu, ni kama kidonge kilichobaki mkononi. Kubadili maneno, basi, si kuibadili dawa. Ni kuifikisha kinywani.

Mwingine atakwenda upande wa pili kabisa, na kusema: “Basi tuziachie desturi kila kitu. Mwafrika ana mambo yake, Mzungu ana yake.” Tusidanganyike hapa. Neno hili laonekana kama la heshima, lakini lilikwisha kutumiwa vibaya mno. Mwaka 1953 Shirika la Afya la Dunia lilitoa kitabu cha daktari J. C. Carothers, aliyekuwa mkuu wa hospitali ya Mathari mjini Nairobi. Aliandika juu ya akili ya Mwafrika kana kwamba ni akili ya namna nyingine, akaifananisha hata na ya Mzungu aliyekatwa sehemu ya ubongo. Kwa watu waliofikiri hivyo, Mwafrika hakuugua sana huzuni, kwa kuwa hakujua kujilaumu. Lakini wanawake wa Masaka walikuwa na neno kamili la mtu anayejichukia! Walioshindwa kulisikia ndio walioandika kwamba halipo. Basi kuna namna ya kutaja desturi za mtu ambayo ni dharau iliyovaa kanzu ya elimu.

Daktari Thomas Adeoye Lambo wa Nigeria alionyesha njia bora. Mwaka 1954, huko Aro karibu na Abeokuta, aliwapanga wagonjwa wa akili wakae katika vijiji pamoja na jamaa zao, huku wakitibiwa kwa dawa za hospitali. Hakusema kwamba ugonjwa wa Mwafrika ni mwingine. Alisema kwa vitendo kwamba mgonjwa asing’olewe katika udongo wake ili atibiwe. Naye Frantz Fanon, aliyefika hospitali ya Blida nchini Algeria mwaka 1953, alikiri kosa lake waziwazi. Aliwaanzishia wagonjwa wake gazeti, nyimbo na sherehe za namna ya Ulaya. Wanawake wa Kizungu wakachangamka, lakini wanaume Waislamu wakakaa kimya. Mwanzoni ingekuwa rahisi kuwalaumu wagonjwa. Fanon na mwenzake wakajilaumu wenyewe, kwa kuwa hawakuuliza watu hao hukaaje kwao. Wakaanzisha mkahawa, wakaadhimisha sikukuu zao, wakamwita msimulizi wa hadithi, na hali ikaanza kubadilika.

Sasa twafika mahali pagumu, ambapo hatupendi kupapita mbio. Tuseme mke anakuja kwa mshauri. Anapigwa na mumewe. Naye mshauri, aliyefundishwa kuheshimu desturi, ajua ya kuwa huko kwao mambo ya nyumbani hayatolewi nje, na kwamba mke mwema huvumilia. Je, amfundishe kuvumilia kwa jina la desturi? Hapana, hata kidogo. Hapo hatamponya. Atakuwa amemsaidia anayempiga. Kimya cha mama huyo si desturi tupu, ni hofu pia, na hofu hiyo ina mwenye kufaidika nayo.

Lakini tukisema hivi, je, hatuyavunji yote tuliyoyasema juu? Wanawake wa Uganda walipitia kwa wazee wa ukoo, nasi tukasifu. Iko wapi tofauti?

Twadhani kipimo chaweza kusemwa hivi. Kila desturi inayotumika katika kumtibu mtu iulizwe swali moja: je, yamsaidia mgonjwa kuusema ukweli wake, au yawasaidia wengine kumnyamazisha? Salamu ndefu, heshima kwa wakubwa, kukaa wanawake kwa wanawake, kutomtukana marehemu, kumwita mzee wa ukoo aliye mwadilifu: hayo yaweza kuwa njia ambayo ukweli hupitia. Desturi ya kumwambia mwanamke aliyevunjwa mkono kwamba siri ya nyumba ni heshima ya nyumba, hiyo yauziba ukweli njia. Ya kwanza tuivae. Ya pili tuivue, hata kama babu zetu waliivaa. Na mzee wa ukoo yule yule aweza kuwa daraja kwa mke mmoja na ukuta kwa mke mwingine. Ndiyo sababu haiwezekani kuandika orodha ya desturi na kumpa mshauri aibebe mfukoni. Yampasa amsikilize mtu huyu aliye mbele yake.

Kwa maana liko kosa la tatu, dogo kwa sura lakini lenye hila. Ni kumwona mtu kama kabila linalotembea. Mshauri aliyesoma kwamba Waha hupenda hivi na Warundi huogopa vile aweza kuwa kiziwi kuliko yule kijana wa karatasi. Kule Buha kuna mama anayetaka kusikilizwa na mwanamke mwenzake, na kuna mama mwingine anayemwogopa zaidi jirani mwanamke, kwa sababu ndiye atakayezisambaza habari zake kisimani. Kuna mzee anayetaka lugha ya nyumbani, na kuna mwingine ambaye lugha ya nyumbani ndiyo aliyotukaniwa usiku ule wa kukimbia, naye apenda Kiswahili kwa kuwa hakimkumbushi kitu. Utajuaje? Kwa kuuliza tu. Bwana wetu alipokutana na kipofu karibu na Yeriko, kila mtu aliona ya kuwa ni kipofu. Hata hivyo alimwuliza kwanza anataka afanyiwe nini. Hakuuliza kwa kutojua. Alimpa mgonjwa heshima ya kusema mwenyewe.

Anayeandika haya naye ana deni lake. Miaka michache iliyopita, akiwa ametoka seminari kuu na vichwa vya masomo vikiwa bado vibichi, alikwenda kumfariji mama aliyefiwa na mtoto. Aliongea kwa muda mrefu, kwa mpango mzuri, sehemu ya kwanza, ya pili na ya tatu. Mama alishukuru sana. Baadaye mzee mmoja alimwambia kwa upole: “Padre, yule mama alikuwa akingoja unyamaze ili alie.” Hakuna profesa aliyepata kumfundisha somo zito kuliko lile.

Je, sisi tusio madaktari tufanye nini? Kwanza, tusiwafiche wagonjwa wetu wa mawazo. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mficha maradhi kifo humuumbua. Tena tusiwafunge kamba, wala kuwacheka, wala kusema upesi kwamba wamerogwa au hawana imani. Yako magonjwa ya akili yanayohitaji dawa za hospitali, na mazungumzo peke yake hayatoshi. Mtu asikiaye sauti zisizokuwapo, au asemaye kwamba anataka kujiua, apelekwe kwa daktari siku ile ile, naye asiachwe peke yake.

Pili, tujifunze kutunza siri. Pengine wengi wetu hatuendi kwa mshauri si kwa sababu tiba ni ya kigeni, bali kwa sababu twaogopa kwamba jioni habari zetu zitakuwa sokoni. Hakuna tiba ya mazungumzo, ya Ulaya wala ya Buha, inayoweza kusimama mahali penye midomo milegevu. Sisi mapadre tumefungwa na siri ya kitubio, lakini kila Mkristo aliyeaminiwa na mwenzake amefungwa na uaminifu.

Tatu, neno kwa vijana wetu wanaosomea uganga na ushauri. Mshike kwa bidii mliyofundishwa, kwani elimu ile imewagharimu wazazi wenu. Lakini mkifika kijijini, wekeni karatasi mezani kidogo. Salimuni kwa salamu ya mahali pale, hata kama ni ndefu, kwani mgonjwa huwapima katika salamu kabla ninyi hamjampima. Ulizeni habari za shamba. Ulizeni ugonjwa huo nyumbani huitwaje. Kisha ngojeni. Ubishi wa vitabu utakwisha wenyewe mtakapoona mtu ameanza kusema.

Turudi basi kwa mama wa Munanila. Labda mwezi ujao kichwa kitamwuma tena, naye atashuka zahanati. Labda kijana yule atakuwa na kiti cha pili, na muuguzi mama wa makamo atakayeketi karibu. Labda ataulizwa: “Mama, migomba yaendeleaje?” Naye mama, baada ya kimya kirefu, atajibu kwamba migomba si yake tena. Hapo ndipo tiba itakapoanza. Wahenga wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Elimu hii imekuja kwetu ikiwa mgeni, na mgeni mwenye adabu huuliza kwanza jina la mwenye nyumba.